Ufungaji wa Spidomita na Takomita za Kielektroniki Katika Pikipiki ya Zamani: Ufafanuzi wa Kanuni, Hesabu na Uhakiki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi spidomita na takomita za kielektroniki zinavyofungwa katika pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya vipimo vya kebo. Hoja kuu ni kwamba kifaa cha kielektroniki hakipimi mwendo moja kwa moja; kinahesabu mapigo ya umeme na kuyageuza kuwa kilomita kwa kutumia namba alizoingiza fundi. Kwa hiyo usahihi wa kinachosomwa hautokani na kiwanda pekee, bali na mzingo wa tairi, idadi ya mapigo kwa mzunguko na idadi ya cheche kwa mzunguko wa injini. Makala yanaonyesha namna ya kuzipata namba hizo na namna ya kuzihakiki.

1.0 Utangulizi

Pikipiki ya zamani, kwa maana inayotumika hapa, ni ile ambayo spidomita yake inaendeshwa na kebo inayozunguka ndani ya ala yake kutoka kwenye gurudumu. Mfano utakaorejelewa ni Honda CG125, pikipiki ya silinda moja iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970, ambayo muundo wa injini yake umeigwa na watengenezaji wengi wa China na kwa njia hiyo kuenea sana katika Afrika Mashariki. Sababu za kubadili vipimo vyake zinajulikana: kebo hukatika, meno ya kisanduku cha kwenye habu huisha, na spidomita halisi huwa adimu au ghali kuliko seti nzima ya kielektroniki inayouzwa dukani ikiwa na spidomita, takomita, kipimo cha mafuta na taa zote za ishara katika kioo kimoja.

Katika karakana, neno *mita* hutumika kwa kifaa hicho chote. Matumizi hayo yanafaa kazini, lakini yanaficha tofauti ambayo makala haya yanaitegemea, yaani tofauti kati ya kupima na kuhesabu. Kwa hiyo maneno *spidomita* na *takomita* yatatumika kila moja mahali pake, *kihisi* kwa kifaa kinachotambua mzunguko, na *pigo* kwa kila ishara moja ya umeme inayotoka kwenye kihisi hicho.

2.0 Kipimo kinachoondolewa

Ni vigumu kuelewa kinachoingia bila kuelewa kinachotoka. Spidomita ya kebo inafuata kanuni ambayo Mjerumani Otto Schulze aliipatia hataza mwaka 1902. Kebo huzungusha sumaku iliyo karibu na kikombe chepesi cha alumini, bila viwili hivyo kugusana. Sumaku inapozunguka huzalisha mikondo midogo ya umeme ndani ya kikombe, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kifuate mzunguko. Springi nyembamba mithili ya unywele hukizuia. Mshale husimama pale nguvu ya sumaku na nguvu ya springi zinapolingana, na kwa kuwa nguvu ya sumaku huongezeka kadiri kebo inavyoongeza kasi, pembe ya mshale huwa ndiyo mwendo.

Jambo la kuzingatia ni mahali ambapo uwiano wa hesabu umehifadhiwa. Katika mfumo huu, uwiano kati ya mzunguko wa gurudumu na mzunguko wa kebo umechongwa katika meno ya chuma ndani ya habu. Fundi hawezi kuukosea kwa kubonyeza kitufe. Tena mfumo huu unapochakaa hutoa dalili: mshale hutetemeka, kebo hulia, kisha kila kitu husimama kwenye sufuri. Kifaa cha kielektroniki chenye namba isiyo sahihi hakitoi dalili hata moja. Tarakimu zake hutulia, hung'aa, na huonekana za kuaminika kuliko mshale wowote.

3.0 Kihisi na mapigo

Kihisi kinachotumika zaidi ni cha aina ya Hall, kilichopewa jina la Edwin Hall, aliyegundua mwaka 1879 kwamba sumaku huweza kuzua volti ya pembeni katika kipande cha metali kinachopitisha umeme. Kihisi hiki huwa na nyaya tatu: ya umeme, ya hasi na ya ishara. Kuna pia swichi ya sumaku yenye nyaya mbili tu, ambayo ndani yake vijiti viwili vyembamba vya chuma hugusana kila sumaku inapopita. Aina hii ya pili ni rahisi, lakini vijiti vyake huchoka kwa kuwa ni vya kugongana. Aina ya tatu hutambua kichwa cha bolti ya chuma bila kuhitaji sumaku. Hufaa zaidi kwa pikipiki yenye diski ya breki mbele.

Gurudumu la mbele la CG125 lenye breki ya ngoma halina bolti za diski. Sumaku basi hubandikwa kwa gundi ya epoksi kwenye uso wa habu, mahali pasipopinda na pasipofikiwa na joto la breki. Kuibandika kwenye spoki hakushauriwi, kwa sababu spoki hucheza na umbali kati ya sumaku na kihisi hubadilika kila gurudumu linapokanyaga shimo. Umbali huo kwa kawaida ni wa milimita chache tu, na kijitabu cha kifaa ndicho chenye neno la mwisho. Kibano cha kihisi kinapaswa kuwa cha chuma kigumu kilichofungwa kwenye mguu wa shokapu, tena katika sehemu ya chini inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Kikifungwa sehemu ya juu, kihisi na sumaku vitaachana kila shokapu inapobonyea.

Je, sumaku ziwe ngapi? Kwa kilomita 60 kwa saa pikipiki husafiri mita 1,000 kwa dakika. Tairi lenye mzingo wa mita 1.87 litazunguka takriban mara 535 kwa dakika, sawa na mara 8.9 kwa sekunde. Sumaku moja itatoa mapigo 8.9 kwa sekunde, jambo lisilo na shida. Lakini kwa kilomita 10 kwa saa, sumaku hiyohiyo itatoa takriban pigo moja kila sekunde 0.67, na kifaa kitalazimika kubahatisha mwendo katikati ya mapigo. Ndiyo sababu tarakimu hurukaruka pikipiki inapotambaa kwenye foleni. Sumaku sita huondoa tatizo hilo, kwa sharti kwamba ziwe zimepangwa kwa umbali ulio sawa. Zikipishana, wastani utabaki sahihi lakini tarakimu zitacheza hata kwenye mwendo thabiti.

Baadhi ya mafundi hupendelea kuweka kihisi kwenye sproketi ya mbele, karibu na gia, kwa kuwa waya huwa mfupi na hakuna kinachofungwa kwenye gurudumu. Njia hiyo inakubalika, ila inaongeza namba nyingine katika hesabu. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, sproketi ya mbele huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Mwendeshaji akibadili sproketi baadaye ili pikipiki ivute mzigo vizuri zaidi, kama wabebaji wa abiria na mizigo wanavyofanya mara kwa mara, spidomita itaharibika siku hiyohiyo bila mtu yeyote kuigusa. Kwa maoni ya mwandishi, sababu hiyo moja inatosha kuchagua gurudumu la mbele.

4.0 Mzingo wa tairi

Hii ndiyo namba inayokosewa zaidi na inayogunduliwa kwa shida zaidi. Fundi akiingiza idadi ya sumaku isivyo, tuseme sita mahali pa moja, spidomita itaonyesha sehemu ya sita ya mwendo halisi na kosa litaonekana kabla pikipiki haijatoka uani. Mzingo ukikosewa kwa asilimia saba, hakuna atakayeona.

Kukokotoa mzingo kutoka kwenye maandishi ya tairi hutoa makadirio tu. Tairi la 2.75-18 lina rimu ya inchi 18 na unene unaokaribia inchi 2.75, lakini tairi lililobeba mtu hubonyea, na watengenezaji hutofautiana. Njia ya kuaminika ni ya chaki na utepe wa kupimia. Tairi hujazwa upepo kwa kiwango chake, mwendeshaji hukaa juu ya kiti, alama huwekwa sakafuni chini ya vali, kisha pikipiki husukumwa mbele katika mstari ulionyooka hadi gurudumu likamilishe mizunguko mitano. Umbali wote hugawanywa kwa tano. Ukipatikana umbali wa mita 9.35, mzingo ni milimita 1,870. Mizunguko mitano inapunguza kosa la mkono kuliko mmoja, na uzito wa mtu juu ya kiti si jambo la hiari.

Tuone sasa kosa lina maana gani. Mzingo halisi ukiwa milimita 1,870 na fundi akaingiza 2,000, mwendo halisi wa kilomita 50 kwa saa utasomeka 53.5. Mwendeshaji atakwenda polepole kuliko anavyodhani, na hasara ni ndogo. Akiingiza 1,740, spidomita itasoma 50 wakati pikipiki inakwenda karibu 53.7. Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, kikomo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Mwendeshaji huyu atakuwa anaivunja sheria huku akiitazama spidomita yake kwa utiifu wote. Kanuni Namba 39 ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi ya Ulaya inalitambua tatizo hili kwa kuagiza kwamba spidomita isionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya ule halisi, huku ikiruhusu izidishe kwa kiasi fulani. Makosa ya pande mbili, basi, hayana uzito sawa, na penye shaka namba huongezwa kidogo.

Kihesabu kilomita hurithi kosa hilohilo. Kwa mzingo wa 1,740, kilomita 3,000 zilizoandikwa ni takriban 3,224 zilizosafiriwa, na oili itabadilishwa ikiwa imechelewa kwa kiasi hicho. Kuchakaa kwa tairi, kwa upande mwingine, si jambo la kutia hofu: tairi likipoteza milimita 4 za unene, mzingo hupungua kwa milimita 25 hivi, sawa na asilimia 1.3, na usomaji huelekea upande wa juu ulio salama.

5.0 Takomita na cheche

Takomita ya kielektroniki haina kihisi chake katika pikipiki nyingi. Hutegea mfumo wa cheche na kuhesabu kila cheche inayopigwa. Swali la msingi ni cheche ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa krenkishafti, na jibu la kitabuni huwapoteza wengi. Injini ya silinda moja yenye mipigo minne huhitaji cheche moja kila baada ya mizunguko miwili, hivyo mtu angetarajia nusu cheche kwa mzunguko. Lakini pale ambapo kichocheo cha cheche kimefungwa kwenye magneti, inayozunguka pamoja na krenkishafti, cheche hupigwa kila mzunguko. Ya pili huangukia wakati moshi unatoka na haifanyi kazi yoyote. Hapo namba sahihi ni moja. Kichocheo kikiwa kwenye kamshafti, inayozunguka kwa nusu ya kasi ya krenkishafti, namba ya silinda moja ni nusu. Injini ya mipigo miwili hupiga cheche moja kila mzunguko kwa kila silinda. Kwa hiyo fundi hatakiwi kuuliza injini ina mipigo mingapi tu. Anatakiwa kuangalia kichocheo kimekaa wapi.

Ishara huweza kuchukuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuunga waya kwenye upande wa volti ndogo wa koili. Jina hilo linapotosha kidogo: mkondo unapokatwa ghafla, upande huo hutoa mruko wa mamia ya volti, na katika mfumo wa CDI kisanduku chenyewe hupeleka mamia ya volti pale. Kifaa ambacho hakikuundwa kupokea mruko huo kitaungua, hivyo rezista inayokuja na kifaa haipaswi kuachwa kwenye boksi. Njia ya pili ni kuzungushia waya wa ishara mara kadhaa juu ya waya wa plagi bila kuuchuna. Ni salama zaidi kwa kifaa, ingawa ishara yake ni dhaifu na wakati mwingine huhesabiwa mara mbili.

Kuhesabiwa mara mbili kunatuleta kwenye kelele ya umeme. Pikipiki za zamani mara nyingi zina kofia ya plagi isiyo na ukinzani, na cheche zake hurusha mawimbi yanayoingia kwenye kila waya ulio karibu. Takomita huruka kutoka 2,000 hadi 9,000, au spidomita huonyesha mwendo pikipiki ikiwa imesimama. Dawa yake kwa kawaida ni kofia ya plagi yenye ukinzani wa kiloomu 5 na kuupitisha waya wa kihisi mbali na waya wa plagi. Kununua kifaa kingine kabla ya kubadili kofia ni kupoteza fedha.

6.0 Umeme wa pikipiki

Kebo haikuhitaji umeme. Kifaa kipya kinauhitaji, tena umeme safi wa mkondo mnyoofu usiobadili mwelekeo, kwa kawaida wa volti 12. Hapa ndipo umri wa pikipiki unapojitokeza.

Matoleo ya awali ya CG125 yalikuwa ya volti 6, na ya baadaye ya 12. Penye volti 6, kifaa kinaweza kupewa kigeuzi kidogo cha kupandisha volti, kwa kuwa matumizi yake ni madogo mno. Hakuna haja ya kubadili magneti, balbu na betri kwa ajili yake. Tatizo la pili ni la siri zaidi. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa haipati umeme kutoka kwenye betri bali moja kwa moja kutoka kwenye magneti, na huo ni mkondo geu, unaobadili mwelekeo na kupanda kadiri injini inavyoongeza kasi. Waya wa taa ya spidomita ya zamani upo palepale, umekwishafika kwenye usukani, na unamvutia fundi. Kifaa kikiungwa hapo kitawaka na kuzima pamoja na injini au kitaungua. Umeme wake uchukuliwe kwenye betri baada ya swichi ya ufunguo, ukipitia fyuzi ndogo ya kwake peke yake.

Kabla ya kuunga chochote, rektifaya lazima ipimwe. Betri nzima ya volti 12 iliyotulia huonyesha takriban 12.6, injini ikizungushwa kwa kasi ya kati inapaswa kupanda hadi karibu 14 na kubaki hapo. Ikiendelea kupanda na kupita 15, rektifaya imekufa. Balbu na betri za zamani zilivumilia hali hiyo kwa muda, lakini kioo cha kielektroniki hakitaivumilia, na lawama itaangukia kifaa. Kwa wamiliki wa pikipiki za Uingereza za miaka ya 1950 hadi 1970 kuna tahadhari ya ziada: nyingi zao zilifunga upande chanya wa betri kwenye fremu, na kifaa chenye mwili wa chuma hakiwezi kufungwa humo bila kutengwa na fremu.

7.0 Taa za ishara

Kinachoonekana kidogo huchukua muda mrefu. Pikipiki nyingi za zamani zina balbu moja ya kuonyesha indiketa zote mbili, iliyoungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Indiketa ya kushoto inapowaka, umeme hupita kwenye balbu hiyo na kupata njia yake ya hasi kupitia balbu za kulia, na kinyume chake. Kifaa kipya chenye taa moja ya indiketa kina waya mmoja wa kupokea na hasi yake ya kudumu. Nyaya za kushoto na kulia zikiunganishwa pamoja ili ziufikie waya huo, indiketa zote nne zitawaka kwa wakati mmoja. Suluhisho ni daiodi mbili, moja kwa kila upande, ili umeme uende kwenye kifaa bila kurudi upande wa pili.

Taa ya fri ina tabia nyingine: swichi yake kwenye gia hutoa hasi, haitoi chanya. Kifaa kinachosubiri chanya hapo hakitawaka kamwe.

8.0 Vinavyobaki

Kisanduku cha meno kilichoendesha kebo hakitolewi kwenye ekseli, kwa kuwa pia hushika nafasi kati ya gurudumu na shokapu. Kikitolewa bila bushi ya unene uleule, gurudumu litahama. Tundu la kebo huzibwa ili maji yasiingie. Pikipiki iliyokuwa na takomita ya kebo ina tundu jingine kwenye injini, na hilo lina oili nyuma yake. Kizibo chake kiwe na sili.

9.0 Uhakiki

Kwa kuwa kifaa hakitoi dalili ya kosa, dalili lazima itafutwe. Simu yenye programu ya kusoma mwendo kwa satelaiti hutosha kwa spidomita, mradi usomaji ufanywe kwenye barabara iliyonyooka, mwendo ukiwa thabiti kwa sekunde kadhaa, na simu itazamwe na abiria. Kihesabu kilomita hulinganishwa na vigingi vya kilomita vya barabara kuu kwa umbali wa angalau kilomita 10, kwa sababu kwa kilomita moja tofauti humezwa na tarakimu ya mwisho.

Takomita huhakikiwa na spidomita yenyewe, na uhakiki huu hauhitaji kifaa chochote. Plagi hutolewa, gia ya juu kabisa huingizwa, na gurudumu la nyuma huzungushwa kwa mkono mara moja huku mizunguko ya krenkishafti ikihesabiwa kwenye nati ya magneti. Tuseme imepatikana mizunguko 10.5, na mzingo wa tairi la nyuma ni mita 1.83. Kwa kilomita 60 kwa saa gurudumu hilo huzunguka mara 546 kwa dakika, na injini mara 5,738 hivi. Takomita ikisoma karibu na 5,700 katika gia hiyo, namba ya cheche ni sahihi. Ikisoma 2,870, inahesabu nusu. Ikisoma 11,500, inahesabu maradufu. Ikicheza huku na huko ni kelele ya umeme, na fundi arudi kwenye kofia ya plagi.

Linabaki suala la kilomita zilizokwisha kusafiriwa. Baadhi ya vifaa huruhusu kuingiza usomaji wa kuanzia; vingi huanza na sufuri. Pikipiki yenye kilomita 68,000 huonekana siku hiyo kama iliyotoka dukani, na mnunuzi wa baadaye hana njia ya kujua. Usomaji wa mwisho wa spidomita ya zamani, tarehe ya kubadili, mzingo ulioingizwa na idadi ya mapigo viandikwe katika kitabu cha matengenezo, na nakala ibandikwe chini ya kiti pamoja na kipimo cha tairi. Atakayebadili tairi baada ya miaka miwili, pengine katika karakana nyingine, ataikuta namba hiyo kabla hajalazimika kuibahatisha.